Upanga wa ofisa wa Kiingereza wenye taji: mwenyewe alikuwa nani?

Ala Kuukuu: Wakuu, nina upanga wa ofisa wa jeshi la Uingereza. Ubapani kuna nakshi ya herufi VR, na upande wa pili nembo ya ukoo chini ya taji dogo lenye vitufe vinne. Karibu na mpini pameandikwa jina la mtengenezaji, Henry Wilkinson, na mgongoni pana namba. Kuna kutu kiasi. Nitamjuaje kabaila aliyeumiliki? Na niung'arishe kwanza?

Fundi Chuma: Usiung'arishe, tafadhali! Nakshi hiyo imechorwa kwa asidi na kina chake ni kidogo mno. Mashine ikipita, nembo imekwenda na ushahidi wako nao. Paka mafuta mepesi ya mashine, uache hadi kesho yake, kisha sugua ile kutu nyekundu tu kwa sufu ya chuma ya namba 0000 (si ile ya sufuria), ukifuata urefu wa upanga. Weusi wa zamani uache. Futa, paka nta nyembamba. Ala ikiwa ya ngozi, upanga ukae nje yake: ngozi hushika unyevu, na dawa zilizoilainishia hula chuma.

Msoma Nembo: VR ni Malkia Victoria, 1837 hadi 1901. Vitufe vinne bila majani ni taji la Baron, cheo cha chini kabisa cha makabaila wa Uingereza. Kwa kweli anavyo 6, viwili vimejificha nyuma. Vyeo vya juu yake ni tofauti: Viscount anavyo 16, hivyo huonekana vingi vimebanana. Vya Earl vimeinuliwa juu ya miiba, katikati majani ya stroberi. Duke ana majani matupu. Ila angalia: wana wadogo wa Baron hawana haki ya taji, kwa hiyo huyu yaelekea alikuwa ameshika cheo mwenyewe. Nembo peke yake haitoshi, koo nyingi hutumia simba yuleyule. Tafuta herufi za jina.

Daftari: Namba ya mgongoni ndiyo ufunguo. Wilkinson waliandika kwenye madaftari yao namba na tarehe ya upanga, na mara nyingi jina la mnunuzi. Kama imefifia, usiipake chaki wala kuikwangua. Mulika tochi kwa ubavu, tarakimu zitatoa kivuli. Ukishapata mwaka, fungua Army List (orodha rasmi ya maofisa wa jeshi la Uingereza) ya mwaka huo utafute ma-Baron waliokuwa jeshini, ulinganishe na nembo. Jina la daftarini likiwa la fundi nguo wa maofisa, basi yeye ndiye aliyeagiza kwa niaba ya mteja, na hapo utabaki na nembo na Army List.

Ala Kuukuu: Tarakimu ya mwisho inasomeka 3 au 8. Namulika tena kwa ubavu kabla sijaandika barua ya kuulizia namba hiyo madaftarini.