Naomba ushauri: tunataka kushindanisha spika za kujitengenezea, tukutane wapi?

Wakuu, habarini.

Tuko sita, kila mmoja kajiundia spika zake. Zangu ni besi za inchi 12 kwenye boksi la plywood, twita (spika ndogo za sauti za juu) nimezitoa kwenye redio mbovu (msinicheke). Ubishi umezidi, kila mtu anadai yake ndiyo inapiga, kwa hiyo tumekubaliana Jumapili moja tuzipange mahali pa wazi tuzisikilize zote.

Mimi navutiwa na ufukwe wa Kigamboni, ila upepo wa mchana unanitisha. Unayumbisha sauti za juu, na maiki ya simu itapima upepo badala ya spika. Labda tuanze saa moja asubuhi? Halafu nje hakuna kuta, besi inayotikisa madirisha sebuleni, kule ufukweni inaweza kunyauka kabisa.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni haki. Spika iliyozidi sauti kidogo tu, sikio huiona ndiyo bora, na kuongeza desibeli 3 tu kunataka wati mara mbili. Nimewaza tutumie amplifaya moja, tupime kila spika kwa umbali wa mita 1 hadi zilingane, na tuzifiche nyuma ya kanga. Au kanga itameza twita?

Umeme: jenereta linanguruma, nafikiria betri ya gari na inveta. Betri ya Ah 100 (ndiyo ujazo wake wa umeme) itadumu kwa muda wa saa nne?

Na kibali je, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anatosha, au NEMC (baraza la mazingira) nao wanahusika? Waliowahi kufanya kitu kama hiki naombeni mwongozo.