Je, kuna maana yoyote kuzitoboa ncha risasi za bastola za kiwandani?

Mkaazi wa Texas
Ndugu zangu, ninamiliki kihalali bastola ya milimita 9. Kabatini nina maboksi kadhaa ya risasi za mazoezi, zile za 50 kwa boksi ambazo kichwa chake kimevikwa shaba hadi nchani, ilhali za kujilindia, zenye tundu kwenye ncha ili zitanuke zikigonga, huuzwa 20 kwa boksi na kwa bei ya juu zaidi. Mwenzangu wa kiwanja cha shabaha ananishauri nizitoboe mwenyewe. Je, ushauri huu una mantiki, au ninajitafutia balaa?

Fundi Bunduki
Ndugu, balaa umeliita kwa jina lake. Risasi nyingi za mazoezi zimevikwa shaba mbele na ubavuni, lakini kitako kimeachwa wazi. Ukiiondoa shaba ya nchani, kinachobaki ni bomba lililo wazi pande zote mbili, na baruti inapowaka yawezekana kiini cha ndani cha madini ya risasi kikatoka peke yake na kuliacha ganda lile la shaba limekwama ndani ya mtutu. Wewe hutalijua hilo. Utavuta kifyatulio mara ya pili, na risasi inayofuata itakuta njia imezibwa, jambo linaloweza kuupasua mtutu ukiwa mkononi mwako.

Hata kama hilo halitatokea, shabaha yako imekwisha kuharibika. Katika mtutu ambao mifuo yake, yaani michirizi ya ndani inayoizungusha risasi, hukamilisha mzunguko mmoja kila inchi 10, risasi ya mita 350 kwa sekunde huzunguka zaidi ya mara 80,000 kwa dakika, kwa hiyo tundu lililokaa upande kidogo tu linatosha kuiyumbisha.

Msomaji wa Historia
Jaribio hili ni la zamani. Katika miaka ya 1890, kiwanda cha silaha cha Waingereza huko Dum Dum, karibu na Calcutta, kilitengeneza risasi za bunduki zilizoachwa wazi nchani, na jina la mji huo likabaki kuwa jina la risasi za namna hiyo. Tamko la Hague la 1899, makubaliano ya kimataifa kuhusu vita, lilipiga marufuku matumizi yake vitani. Marufuku hayo, naongeza tu kwa faida ya wasomaji, hayamhusu raia anayejilinda nyumbani kwake.

Mama Shabaha
Mdogo wangu, tundu la kiwandani si tundu tu. Upana wake, ulaini wa madini, mikato ya shaba na mwendo wa risasi hupangwa kwa pamoja. Baada ya mapambano ya Miami ya mwaka 1986, ambapo maofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walirushiana risasi na majambazi, FBI iliweka kipimo cha risasi kuzama kati ya inchi 12 na 18 katika jeli ya majaribio inayoiga nyama ya mwili, na watengenezaji hujaribu bidhaa zao kwa kipimo hicho. Wewe utajaribia wapi? Wanaojaza risasi upya nyumbani ni watu wengine kabisa: wana mashine, mizani na kitabu cha vipimo, na kichwa chenye tundu hununua kikiwa tayari. Nunua maboksi mawili ya kujilindia, hakikisha bastola yako inayapokea bila kukwama, kisha hayo ya mazoezi yapeleke kiwanjani.

Mkaazi wa Texas
Nimeelewa, dada. Drili nimeirudisha stoo.