Tupeane uzoefu: mrushaji gani wa besiboli amekukaa moyoni, na kwa nini?

MwanaMalindi (Unguja)
Assalaam alaykum wanabaraza. Mada hii ninayo kifuani tangu ile mechi ya 7, ya mwisho, ya fainali ya besiboli ya 2025, Dodgers wa Los Angeles na Blue Jays wa Toronto. Kwetu ilianza saa 9 usiku. Mimi na shemeji tumekaa sebuleni, sauti tumeizima watoto wasiamke. Alfajiri ikaadhiniwa, tukenda msikitini, tukarudi, mechi bado. Jua limeshatoka ndipo namuona Yamamoto, mrushaji wa Dodgers, anakuja kati. Nikamwambia shemeji, huyu si ndiye aliyerusha jana? Jana karusha mipira 96! Mrushaji akishafanya kazi ile, mkono hupumzishwa siku 4 au 5. Yeye kaja tena, tena wakati Toronto wana watu wawili kwenye besi (vile vituo vya kukimbilia), akarusha mingine 34. Wa mwisho gongo likamvunjikia, mpira ukabingirika, wakatoka wawili kwa mpigo. Dodgers 5, Toronto 4, zamu 11 badala ya 9. Chai yangu ilipoa na sikuinywa.

Basi kila mtu amtaje wake. Lakini tafadhali msilete takwimu tupu. Semeni kilichowagusa.

Kibwana_Toronto
Wewe unasimulia, mie nilikuwa mji huo huo. Mtaa mzima ulinyamaza kama kuna msiba. Huyo Yamamoto siwezi kumtaja kwa mapenzi, nisamehe, ingawa haki yake nampa.

Wangu ni Roy Halladay. Nilipofika huku sikujua mtu, nafanya kazi ya kuosha vyombo, na mwenzangu wa zamu ndiye alonifundisha mchezo huu kupitia Halladay. Mwaka 2000 alirusha vibaya mno, na 2001 klabu yake, Blue Jays, ikamshusha mpaka ligi za chini, akafundishwa upya namna ya kuupitisha mkono, kama mtoto anayerudishwa kwenye alifu na bee. Mtu mzima, ameshacheza ligi kuu! Akakubali. Akarudi akawa bora kuliko wote. Tarehe 29 Mei 2010, akiwa ameshahamia klabu ya Phillies, wapigaji 27 wa Marlins walikuja na 27 wakaondoka, hakuna aliyegusa besi. Oktoba mwaka huo huo, mechi yake ya kwanza kabisa ya mtoano, Reds hawakumpata hata pigo moja la kuwafikisha besi. Alipokufa na ndege yake mwaka 2017, miaka 40 tu, nililia kazini mbele za watu.

UmmuAiman
Allah awape subira watoto wake. Na mie Halladay.

BabaSalum (Mkokotoni)
Mariano Rivera, na sitaki ubishi. Mtoto wa mvuvi wa Puerto Caimito, Panama. Utotoni glavu yake ilikuwa boksi la maziwa, na kabla ya kuchukuliwa na klabu ya Yankees ya New York alikuwa chomboni na babake wanavua dagaa. Mie nimekulia kwenye dagaa, najua mikono ile inavyokuwa: nyavu inakukata, chumvi inaingia, kesho unashika tena. Halafu mkono huo huo ukacheza miaka 19, timu moja tu, na ukajulikana kwa aina moja tu ya mpira. Unakuja umenyooka, karibu na mpigaji unakata ghafla, gongo linapasuka. Kila mtu anajua utakuja huo na hakuna anayeuweza. Mara 652 alikabidhiwa mechi mwishoni akaifikisha salama.

Ras_Nungwi
Mzee wangu BabaSalum, kwa heshima zote, mtu anaeingia zamu ya mwisho tu ataitwaje mrushaji bora? Wenzake wameshasukuma ngarawa tangu saa 10 usiku, yeye anakuja kuivuta ufukweni.

BabaSalum
Mwanangu, ushawahi kuingiza ngarawa kwenye mlango wa mwamba wakati wa kusi? Hapo ndipo wanapokufa watu. Si katikati ya bahari.

Ras_Nungwi
Hilo nalikubali, mzee. Lakini 2001 Arizona walimfunga mechi ya 7 ya fainali, zamu hiyo hiyo ya mwisho.

BabaSalum
Walimfunga. Na msimu uliofuata akarudi na mpira ule ule. Ndiyo maana nampenda.

BintiWete
Samahanini naingia na langu. Mnajua mie huu mchezo wa gongo nimeujua ukubwani, lakini warushaji nimewajua tangu nikiwa darasa la 3: wa NAGE! Mtaani kwetu alikuwapo dada mmoja, mpira wa soksi umekazwa kwa uzi wa mshipi. Uko kati unajaza mchanga kwenye chupa, unamtazama macho yake yako kulia, mpira unakupiga ubavu wa kushoto. Nilipomuona Tim Wakefield wa Boston nilimkumbuka yeye. Mpira wa Wakefield ulikuwa kama hauzunguki, ukiyumba kama kipepeo, mpigaji akiukata upepo. Mpole mpole ule, na akashinda mechi 200.

Ras_Nungwi
Dada, nage haihusiani na mada.

BintiWete
Nage ina mrushaji, ina anayekwepa, ina jicho na ina hila. Wewe kaka ungekaa kati siku moja tu ungejua kama inahusiana.

UmmuAiman
Inahusiana sana. Alama ninayo pajani.

MwanaMalindi
Nage iachwe, mimi ndiye mwenye mada na nimeruhusu.

Refa_wa_Gombani
Mie nilisita kuandika. Nachezesha mpira wa miguu mechi za mitaani, na siku moja nilikataa goli ambalo lilikuwa goli. Nimelijua usiku, nilipooneshwa kwenye simu. Sikulala.

Kwa hiyo mrushaji wangu ni Armando Galarraga wa Detroit. Si mkubwa kama hao wenu. Tarehe 2 Juni 2010 alikuwa ameshawatoa wapigaji 26 wa Cleveland mfululizo, amebakiwa na mmoja awe kama Halladay. Huyo wa 27 akaupiga chini, ukadakwa, Galarraga mwenyewe akakimbia besi ya kwanza, akapokea mpira, akakanyaga. Mtu katoka, kiwanja kizima kimeona. Refa Jim Joyce akatandaza mikono: amefika salama.

Sasa tazameni uso wa Galarraga pale. Alitabasamu. Hakumrukia mtu. Akarudi mahali pake akamtoa wa 28. Joyce alipoona picha alikiri mbele ya waandishi kwamba amemnyima kijana haki yake, akamwomba radhi ana kwa ana. Kesho yake Joyce ndiye refa wa nyuma ya mpigaji, na aliyetumwa kumpelekea karatasi ya majina ya wachezaji ni Galarraga. Wakapeana mikono, Joyce anafuta machozi. Uamuzi haukubadilishwa mpaka leo, mechi ile haimo kwenye orodha ya zile ambazo hakuna mpigaji aliyefika besi.

Nilipoisoma habari ile nilifunga safari mpaka kwa yule kijana aliyefunga goli nililolikataa. Nilimkuta anakuna nazi nyumbani kwao. Akanikaribisha kahawa.

BabaSalum
Refa, umefanya la kiume.

Mkarafuu (Pemba)
Na mie niseme yangu, maana refa kanifungua.

Skuli yetu alikuwapo maalim wa kujitolea kutoka Japani, alituletea glavu 4 na magongo 2. Mie nikawa mrushaji. Nina miaka 16, mkono wa kulia, maalim akidaka mpira wangu alikuwa anapuliza kiganja. Nilijiona nimefika.

Ukaja msimu wa karafuu. Niko juu na upembo wangu, navuta tanzu la pembeni lililojaa. Wanaochuma wanaujua mti huu: tanzu lake halikuonyi, linakatika kimya kimya. Nilipopata fahamu nimelala juu ya pakacha, karafuu zimenimwagikia usoni, na kiwiko cha kulia kimeangalia kusiko. Nimekaa spitali wiki 5. Mkono haukunyooka tena, umebaki umekunja kama wa mtu aliyebeba sinia.

Lakini hilo si baya zaidi. Baya ni siku niliyorudi kiwanjani. Wenzangu kwa mapenzi yao wakanipa mpira, wakasema rusha. Nikarusha. Ukaanguka hatua 3 mbele yangu. Hakuna aliyecheka. Akatoka mtoto wa darasa la 5, akauokota, akanirudishia kwa mikono miwili, kama anavyopewa kitu mzee. Ile mikono miwili ndiyo iliyoniua. Nilikwenda nyumbani sikurudi miezi.

Maalim akanifuata na picha. Jim Abbott. Kazaliwa hana kiganja cha kulia. Glavu anaiegesha kwenye kigutu, anarusha kwa kushoto, na mpira haujafika kwa mpigaji yeye ameshachomeka kushoto ndani ya glavu tayari kudaka. Akidaka, glavu anaibana kwapani, anatoa mpira, anarusha tena. Tarehe 4 Septemba 1993, akiwa na Yankees, Cleveland walicheza zamu zote 9 na hawakumpata pigo hata moja.

Nikasema, huyu hana mkono, mie ninao, umekunjika tu. Nikaanza na machungwa mabovu, kushoto, kwenye ukuta wa banda la karafuu nyuma ya nyumba. Mwezi wa kwanza nilikuwa nalikosa hata banda. Mama akitoka asubuhi kufagia maganda hakuwahi kuniuliza kitu. Mwaka wa pili nikaanza kupiga msumari mmoja niliouchagua.

Leo nina miaka 31. Sina kasi, lakini naupeleka nipendapo. Jioni nina watoto 9, tunatumia mipira ya tenisi.

UmmuAiman
Subhanallah. Nimelia.

Ras_Nungwi
Kaka Mkarafuu, mimi nimenyamaza. Na dada BintiWete naomba radhi.

BintiWete
Yamekwisha, kaka.

Jirani_wa_Michenzani
Mkarafuu, naomba ushauri. Mwanangu ana miaka 11, kiwiko kinamuuma, anajifunza kurusha ule unaopinda.

BabaSalum
Mchue kwa mafuta ya karafuu, usiku, umfunge kitambaa cha moto.

Kibwana_Toronto
Hapana mzee! Moto hapana. Huku wanaweka barafu.

BintiWete
Mpeni nage, ataacha mwenyewe kurusha vya kupinda.

Mkarafuu
Jirani, asirushe kabisa mpaka maumivu yaishe, na mpeleke kwa daktari aangaliwe mfupa. Wa kupinda auache mpaka mifupa ikomae. Umri huo mfundishe kuunyoosha na kuuchelewesha, inatosha.

Jirani_wa_Michenzani
Kesho namchukua spitali. Ahsante, bwana. Mafuta nimeshampaka tayari lakini.

Kibwana_Toronto
Mkarafuu, nina suali. Unarusha kwa kushoto, glavu unavaa kulia. Zile 4 za maalim si za watu wa mkono wa kulia? Unavaaje?

Mkarafuu
Naivaa kinyume, kaka. Kidole gumba naingiza tundu la kidole cha mwisho. Ndiyo niliyo nayo. Nimeishona mara 2 kwa uzi wa viatu.

Kibwana_Toronto
Za kushoto huku zipo, na kuna mtu wetu anakuja Unguja kabla ya Ramadhani. Pima mkono, kutoka kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati, uniandikie pembeni. Na kama katika hao watoto 9 yupo wa kushoto, mpime na yeye.

Mkarafuu
Wapo 2. Mmoja ni msichana. Nawapima kesho jioni wakija.