Mafaili ya zamani Tabora yanaisha, mkoa unaweza kujipangia bajeti yake ya kuyatunza?

Mwana wa Unyanyembe:
Wadau mwangaluka. Hili jambo linaniumiza kweli ndo maana nimelileta hapa. Nilikuwa nafuatilia kiwanja cha marehemu babu kwenye ofisi moja ya umma hapa mkoani, sitaitaja, nikaambiwa faili la zamani kama lipo basi litakuwa stoo. Tukaingia stoo na dada wa masijala. Jamani. Mafaili yamerundikwa sakafuni mpaka usawa wa dirisha, juu yake viti vibovu, pini za chuma zimeshika kutu na kutu imekula karatasi, ukifungua jalada kona inabaki mkononi. Kuna rundo la ukutani ukilitazama kwa juu zima kabisa, ukiinua faili la kwanza unakuta mchwa walishapanda toka chini, katikati ni udongo mtupu.

Faili la babu hatukulipata, ila nimeona leja za kodi za enzi za mkoloni zenye majina ya watu kijiji kwa kijiji, nimeona na kesi za baraza la mtemi, za ng'ombe, za mahari, za mipaka ya mashamba. Utemi ulifutwa 1963, kwa hiyo hizo karatasi haziandikwi tena popote, zikiisha zimeisha.

Swali langu: hii ni kazi ya serikali kuu peke yake, au mkoa wenyewe unaweza kuwa na mpango wake wa kutunza nyaraka na fungu lake kwenye bajeti? Kila ofisi ukiuliza jibu ni moja, hela hamna. Na huu ndio mji wa mtemi Isike, mji ambao mkutano wa TANU wa Januari 1958 uliamua kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule wa kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Naomba mwenye uelewa anisaidie tuanzie wapi.

Mtu wa Masijala:
Mkuu nimesomea kazi hii hapo hapo Tabora, Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho wengi bado mnakiita Uhazili. Sheria ipo, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Namba 3 ya 2002. Mkuu wa kila taasisi ya umma ndiye anayewajibika na kumbukumbu za ofisi yake, sio mhudumu wa masijala wala mlinzi wa stoo. Na haruhusiwi mtu kuchoma au kutupa nyaraka ya umma kwa kuamua mwenyewe eti stoo imejaa, lazima kibali kitoke kwa Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Kwa hiyo kisheria hizo karatasi zina mwenyewe.

Ila nikwambie ukweli, stoo kama hiyo kabla ya hela inakosa orodha. Hakuna anayejua ndani kuna nini. Afisa akipeleka kwenye bajeti mstari umeandikwa "kutunza nyaraka" unafyekwa asubuhi na mapema, maana anayekata hajui anakata nini. Akipeleka orodha inayosema tuna majalada ya ardhi ya miaka fulani mpaka fulani, robo yameshaliwa, tunahitaji rafu za chuma idadi hii, maboksi idadi hii na dawa ya mchwa, hapo hata mwenye roho ngumu anasoma mara mbili.

Na kuna vitu havihitaji bajeti kubwa. Toa mafaili sakafuni hata kama ni kuweka juu ya matofali na mbao zilizopigwa dawa. Acha nafasi kati ya rafu na ukuta ili mchwa akijenga umuone. Toa pini na klipu zenye kutu taratibu, funga jalada kwa utepe wa pamba, usifunge kwa mpira wa rababendi maana unayeyuka na kugandia karatasi. Fungua madirisha kiangazi, ila weka wavu.

Mzawa wa Ujiji:
Huku Kigoma ongezeni unyevu wa ziwa na panya. Mimi nasema suala la orodha litachukua miaka, kila mtu ana simu yenye kamera, kwa nini tusipige picha kila kitu tukaweka kwenye kompyuta yakaisha? Halafu mnazungumzia serikali tu. Reli imefika Kigoma 1914, meli ya Liemba ilianza kazi kwa jina hilo 1927, wamisionari wa White Fathers wamefika Ujiji 1879 na walikuwa wanaandika shajara kila siku, wakimbizi wa Burundi wameanza kuingia kwa wingi 1972. Yote hayo yameacha makaratasi, na mengi hayako ofisi ya mkuu wa mkoa. Kuna wazee Ujiji wana barua za babu zao za hati za Kiarabu ndani ya masanduku, wakifa wajukuu wanafagia. Mpango ukiwa wa ofisi za serikali tu utaacha nusu ya historia yetu nje.

Mtu wa Masijala:
Ndugu yangu wa Ujiji hapo kwenye masanduku ya wazee nakuunga mkono kabisa. Kwenye simu hapana. Picha elfu kumi zenye majina ya namba tupu ni stoo ile ile imehamia kwenye simu, na simu ikidondoka ziwani umebaki na nini? Hata ukiziweka kwenye diski, diski inakufa, lazima nakala ziwe zaidi ya moja, sehemu tofauti, na mtu wa kuzikagua kila mwaka, na huyo mtu analipwa. Kuhamishia nyaraka kwenye kompyuta sio gharama ya mara moja kama wanavyofikiria watu. Piga picha, ila baada ya kuorodhesha, na anza na vile vinavyokaribia kufa.

Mwalimu wa Historia, Tabora:
Naongezea mfano wa hapa hapa. 1916 serikali ya Mjerumani ilipokimbilia Tabora ilikuja na makaratasi yake, na kabla ya Wabelgiji kuuteka mji Septemba mwaka huo sehemu ya makaratasi hayo yakafukiwa ardhini. Yalikuja kufukuliwa baadaye. Leo yako Hifadhi ya Nyaraka Dar, na 1997 UNESCO wakaziingiza rekodi hizo za Kijerumani kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Kufukuliwa peke yake kusingetosha. Miaka ya 60 wataalamu walikaa nazo, wakazipanga na kuziorodhesha jalada kwa jalada, ndo maana leo mtafiti anaagiza faili kwa namba inayoanza na herufi G na linaletwa mezani. Kazi ya namna hiyo ilihitaji watu waliolipwa kuifanya kwa muda mrefu. Wanafunzi wangu nikiwaambia hayo wanashangaa, hawajui kabisa kama mji wao uliwahi kufukia nyaraka za nchi nzima.

Mnyamwezi Ughaibuni:
Shikamoo mwalimu. Mimi niko Marekani nasomea mambo ya maktaba na hili swali la mleta mada ndilo tumelijadili sana darasani. Huku kila jimbo lina hifadhi yake, na serikali kuu ina tume ya ruzuku inaitwa kwa kifupi NHPRC. Ilianzishwa 1934 kwa ajili ya kuchapisha nyaraka za historia, 1974 ikaongezewa kazi ya kusaidia utunzaji wa kumbukumbu, ndipo majimbo yakaunda bodi za ushauri. Kwenye bodi wanakaa watu wa hifadhi ya jimbo, wa vyuo, wa maktaba, wa vyama vya historia vya mitaa. Sasa angalia walichofanya mwanzoni mwa miaka ya 80: tume ililipia majimbo yajikague kwanza, nini kipo, kiko wapi, hali gani, kisha ndo mpango wa jimbo ukaandikwa. Na mpaka leo bodi za majimbo zinaweza kupokea fungu kutoka kwenye tume na kuligawa vipande vidogo vidogo kwa hifadhi ndogo za mitaani, na mpokeaji naye anachangia, kama hana hela anachangia muda wa watu wake.

Sisi hatuna majimbo ya namna hiyo, siwezi kusema tunakili. Ila kamati ya mkoa ya watu wa kada tofauti, akiwemo mtu wa jimbo katoliki, wa BAKWATA, wa reli, wa chuo, hiyo haihitaji sheria mpya. Na kwa nyaraka za familia na za misheni kuna Endangered Archives Programme ya Maktaba ya Uingereza, wanatoa ruzuku tangu 2004 na nyaraka halisi zinabaki nchini, hazisafirishwi. Ila nao ombi lako lazima lieleze nini kipo na hali yake ikoje. Kote unakopiga hodi unaulizwa orodha.

Diwani Mstaafu:
Nimekaa kamati ya fedha, nawaambia hela inavyopatikana. Mwaka wa serikali unaanza Julai Mosi, lakini ukija na ombi mwezi wa tano umechelewa, vikao vya bajeti vya halmashauri vinamalizika mapema zaidi. Anzeni kuongea Oktoba, Novemba, wakati idara zinaandaa makisio. Msiombe mamilioni ya jengo. Ombeni fungu dogo toka mapato ya ndani, liwe linarudi kila mwaka, maana fungu likishaingia kwenye kitabu mwaka unaofuata ni rahisi kulitetea.

Na mkija msianze na historia ya kina Mirambo, samahani sana mwalimu. Anzeni na ardhi na mafao. Mtumishi anastaafu, barua yake ya kwanza ya ajira haionekani, mafao yanakwama, anashinda kwenye korido za ofisi miezi. Wananchi wanagombania mpaka, ramani ya upimaji imeliwa na mchwa. Kila diwani ana mpiga kura wa namna hiyo kwenye kata yake. Mkimwonyesha kwamba rafu ile ile inayotunza jalada la ardhi ndiyo inatunza na kesi za mtemi, atanyoosha mkono.

Mwana wa Unyanyembe:
Asanteni sana wakuu, nimepata pa kuanzia. Nimeongea na yule dada wa masijala, yuko tayari tukipata barua ya ruhusa toka kwa mkuu wa ofisi. Wazo ni kuomba wanafunzi wa Uhazili waje mazoezi kwa vitendo waorodheshe stoo hiyo moja kwanza, tupate kitu cha kupeleka kabla ya Novemba. Mtu wa Masijala, orodha iwe na nini na nini? Na mzawa wa Ujiji tafadhali usiache kuongea na wale wazee.

Mtu wa Masijala:
Namba ya jalada, jina la jalada, mwaka wa kwanza na wa mwisho, ofisi iliyolianzisha, hali yake, na mahali lilipo. Kwenye hali tumieni maneno matatu tu, zima, limeharibika kiasi, linakufa. Wavae barakoa na glovu, vumbi la mafaili ya zamani sio la kuchezea. Wakianza niiteni, nakuja na mashine ya kutoboa na tepe.

Mzawa wa Ujiji:
Kwa wazee naenda Ijumaa baada ya swala. Nitawaomba kwanza waniruhusu kuziona tu, habari ya picha nitaiuliza wakishanizoea.