Milioni 4.5 kwa deki ya CD: nitajuaje kama sauti yake inastahili hiyo bei?

Mwana wa Sakina (mwanzisha uzi)

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi.

Kuna mzee hapa Arusha, maeneo ya Njiro, anahama na anauza vyombo vyake vya muziki. Imebaki deki ya CD ya Accuphase, ile ya rangi ya dhahabu, nzito kuibeba mpaka uikumbatie. Namba ya toleo siitaji kwa sababu mji huu wapenda vyombo tunajuana, mtaniwahi. Anataka milioni 4.5, maongezi yapo.

Jumapili nilienda kuisikiliza. Aliniwekea rumba, kisha CD hiyohiyo akaihamishia kwenye deki yake ya kawaida ya DVD. Tofauti niliisikia palepale. Kwenye Accuphase besi imejaa, mwimbaji amesogea mbele, gitaa la solo unalifuata uzi kwa uzi. Kwenye DVD muziki ulikuwa kama umepoa. Tangu siku hiyo usingizi wa shida.

Nyumbani nina amplifaya ya Yamaha, spika mbili za kusimama, na CD za kutosha: dansi la zamani, kwaya, rumba, na taarab za mama watoto. Naomba kujua, mtu unapimaje sauti ya deki ya namna hii kabla hujatoa hela? Nisikilize nini hasa? Natanguliza shukrani.

Chalii wa Kijenge

4.5M kwa CD, zama hizi? Mkuu, flashi unaijua? Haya, nipo pale nimekaa nasoma.

Fundi Redio Moshi

Mkuu, kabla ya masikio anza na macho. Igeuze, soma kibandiko cha nyuma. Hizi deki zinatengenezwa Yokohama, na iliyouzwa kwa soko la Japani ni ya volti 100. Ukutani kwetu ni 230. Ukiichomeka hivihivi hutapata nafasi ya kuuliza kuhusu sauti. Kama ni ya 100, uliza transfoma yake iko wapi, na iwe ya kushusha mpaka 100 kweli. Zile za 110 zinazouzwa madukani ni kwa ajili ya vitu vya Marekani, hapo unaizidishia asilimia kumi kila siku. Na umeme wetu ukipanda kidogo, nayo inapanda.

Ya leza nitakuja kuyasema, nina mteja.

Sikio la Pili

Mwana wa Sakina, muulize huyo mzee jambo moja: alipohamisha CD, aligusa kitufe cha sauti cha amplifaya?

Kama hakugusa, basi inawezekana ulichosikia ni ukubwa wa sauti tu. Deki za kawaida nyingi hutoa volti 2 kwenye matundu ya nyuma. Baadhi ya hizi za bei hutoa 2.5. Hiyo ni karibu desibeli 2. Sasa, tofauti ndogo kama hiyo sikio halikwambii "hii imeongezwa". Linakwambia besi imejaa, mwimbaji amesogea mbele, gitaa limefunguka. Rudia kusoma maelezo yako mwenyewe hapo juu.

Wauzaji wa vyombo wanaijua hii kuliko sisi. Simsemi mzee wako, huenda hata yeye hajui.

Fanya hivi. Tumia Audacity, ni programu ya bure, utengeneze mlio mmoja usiobadilika wa hezi 300, uuchome kwenye CD. Mlio uwe wa wastani, usije ukachosha spika. Chukua mita ya fundi, iweke kwenye volti za AC, shika pale waya za spika zinapoingia kwenye amplifaya. Soma namba ya deki ya kwanza. Hamia ya pili, shusha au pandisha sauti mpaka namba zifanane, zikipishana kwa asilimia moja ni sawa. Weka alama kwenye kitufe, kila deki na alama yake.

Halafu choma nakala mbili za CD moja, kila deki na yake, zianze pamoja. Mtu mwingine akae nyuma yako abadilishe bila kusema kitu, na asifuate mpangilio, arushe hata sarafu. Wewe unaandika tu: hii ni A, hii ni B. Mara kumi. Ukipatia tano au sita unabahatisha. Ukipatia tisa au kumi, bahati peke yake hufika hapo kama mara moja kwa mia, kwa hiyo kuna kitu kweli umesikia. Vipande viwe vifupi, sekunde kumi, ishirini. Kumbukumbu ya sauti huyeyuka upesi mno, ukisubiri CD itolewe, ifutwe, iwekwe upya, unalinganisha sauti na hadithi.

Audio Tengeru

Sikio la Pili, kila uzi wa vyombo ukiingia wewe lazima tufungwe vitambaa machoni. Deki siyo waya. Kuna chipu inayogeuza namba kuwa mawimbi, kuna filta, kuna pawa saplai, kuna hatua ya mwisho ya analojia. Kwa nini mpaka leo watu wanazitafuta deki zenye chipu ya Philips TDA1541A ya miaka ya 80? Wote viziwi? Mimi deki yangu niliielewa baada ya kukaa nayo. Uchovu wa masikio hauonekani kwa sekunde ishirini.

Sikio la Pili

Kaa nayo mwezi, sikatazi. Ukishaizoea itakuwa rahisi zaidi kuitambua ukiwa huioni. Na sijasema deki zote ni sawa, kuna mbovu. Ninachosema, CD ni namba 44,100 kwa sekunde kila upande, biti 16, tangu 1982. Kuzigeuza namba hizo vizuri ilikuwa kazi ngumu wakati ule. Leo chipu ya bei ndogo inaifanya, kwa hiyo kinachobaki ni kidogo, na kidogo huwezi kukikamata huku sauti hazijalingana.

Audio Tengeru

Kwenye kulinganisha sauti nakubali. Kwenye "kidogo" hatujamaliza.

Mama wa Kiboriloni

Samahani kaka, hapo sebuleni kwako pakoje? Vigae chini, ukuta mtupu, bati bila dari? Kama ni hivyo, milioni mbili weka zulia, pazia nzito na jipsamu, hiyo tofauti utaisikia bila mita. Masika mvua ikipiga bati hata deki ya milioni ishirini haikusaidii. Pia dansi la zamani lililorekodiwa RTD (Radio Tanzania), nyingi ni mono, yaani spika zote mbili zinatoa sauti ileile. Usilitumie kupima upana wa jukwaa, yaani vyombo vinavyotandazwa kutoka spika moja hadi nyingine, halina upana. Chukua kwaya iliyorekodiwa vizuri, sikiliza kama sauti ya nne inasimama peke yake au inajificha ndani ya kinanda.

Fundi Redio Moshi

Nimerudi. Sasa ya leza, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye hela yako.

CD inasomwa kuanzia ndani kwenda nje. Kwa hiyo weka CD ndefu, ya dakika 70 na zaidi, nenda moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho. Sahani ikiwa imepinda kidogo, huko pembeni ndiko inakoyumba zaidi, na leza iliyochoka itajulikana. Kisha weka CD ya kuchoma. Inarudisha mwanga kidogo kuliko ya kiwandani, leza dhaifu itahangaika: itazungusha muda mrefu kabla ya kuonyesha idadi ya nyimbo, au itakataa kabisa. Rudia yote ikishawaka saa nzima, ikiwa ya moto. Fungua na kufunga trei mara nyingi, mpira wake ukilegea utaona inasita.

Mikwaruzo midogo isikutishe, deki inasahihisha makosa ya namba yenyewe. Ikishindwa utasikia mruko au mlio wa "tik". Haiwi kwamba sauti imepungua utamu kwa sababu ya mkwaruzo.

Na mtu yeyote akikwambia leza inaamshwa kwa kuzungusha kile kiskrubu kidogo, mkimbie. Anaiongezea umeme, inasoma vizuri siku chache, kisha inakufa moja kwa moja.

Mwana wa Sakina

Mrejesho wakuu. Mzee alikubali nikaenda na Yamaha yangu, spika zangu, mita na CD za kuchoma. Ni ya volti 100, transfoma anayo na ni ya 100 kweli. Mita ilionyesha Accuphase iko juu, tukashusha mpaka zikalingana. Shemeji yenu ndiye aliyekuwa anabadilisha. Wakuu, sikuweza. Nilikuwa nabahatisha, na mzee naye alipokaa kwenye kiti akabahatisha, akacheka sana.

Lakini naipenda bado, sijui niseme nini. Trei inafunguka kama mlango wa benki.

Shida: CD za kiwandani inasoma mpaka mwisho. Za kuchoma, nyimbo mbili za mwisho inaruka, hasa ikishapata moto.

Audio Tengeru

Kupenda chombo siyo dhambi. Lipia upendo, ila usilipie leza iliyochoka kwa bei ya leza nzima.

Fundi Redio Moshi

Inaweza kuwa vumbi kwenye lenzi tu, inaweza kuwa leza inaelekea ukingoni. Kwa kuangalia huwezi kujua mpaka ifunguliwe. Bei ipangwe kana kwamba leza inabadilishwa. Na kabla hujalipa hakikisha leza ya toleo hilo bado inapatikana, kuna deki nzuri zimebaki mapambo kwa kukosa kipuri kimoja tu.

Chalii wa Kijenge

Mimi nilikuja kucheka, sasa nimeanza kutafuta mita.

Mwana wa Sakina

Nimemwambia milioni 2.5 na transfoma humohumo. Kasema atafikiria mpaka Ijumaa. Fundi, akikubali nikiileta Moshi Jumamosi upo?

Fundi Redio Moshi

Nipo. Njoo na zile CD za kuchoma zilizoruka, hizohizo. Safarini ilaze bapa, usiisimamishe, na CD isibaki ndani. Kibandiko cha nyuma kipige picha unitumie leo nianze kuulizia leza.