Mdogo wangu kapata UDSM na mkopo wa Bodi lakini ada haijatimia, tujipange vipi na laki tisa?

DadaKiomboi:
Habari zenu ndugu zangu. Naomba mawazo ya waliosoma chuo au wanaosomesha.

Mdogo wangu wa mwisho kachaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), ualimu wa sayansi (fizikia na hisabati), miaka mitatu. Majina ya awamu ya kwanza ya Bodi ya Mikopo yametoka na lake limo. Kapangiwa hivi kwa mwaka: chakula na malazi 10,000 kwa siku, vitabu na viandikwa 200,000, ada 520,000. Ada yenyewe ni 1,300,000, kwa hiyo 780,000 inabaki juu yetu. Anaripoti baada ya wiki tatu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kiomboi. Baba alishafariki, mama analima. Alizeti tuliyokuwa tumehifadhi tumeiuza, nikijumlisha na akiba yangu tuna 900,000 taslimu. Hela nyingine ya shamba ni mpaka tuvune, mwezi wa tano au wa sita mwakani. Nilitaka kulipa ile 780,000 yote mara moja niwe na amani, ila naona atabaki na laki moja na ushee mfukoni, na Dar hana ndugu.

Jingine ni mama. Tangu asikie neno mkopo, halali usingizi, anauliza kama mtoto akikosa kazi watakuja kuchukua shamba. Na jirani anasema tungeomba ile hela ya ufadhili ya Rais Samia ambayo hairudishwi. Naombeni mnisaidie, maana hapa nyumbani hakuna aliyewahi kufika chuo.

Mzee wa Msewe:
Hongera sana dada. Kumfikisha mtoto hapo kwa cherehani na jembe si jambo dogo.

Usilipe ada yote sasa. Vyuo vingi hupokea ada kwa muhula, na chenu angalieni maelekezo ya kujiunga yanasemaje. Sehemu ya ada anayolipa Bodi inakwenda moja kwa moja chuoni, haipiti mkononi mwa mwanafunzi. Muhula wa kwanza ni 650,000, Bodi wanabeba 260,000, ninyi mnatoa 390,000. Hapo anasajiliwa. Ukiimaliza hela yote kwenye ada, mtoto atakaa darasani na risiti nzuri huku tumbo likiwa tupu. Nimeona vijana wa namna hiyo hapa kwetu, wanapiga pasi ndefu, yaani wanaruka mlo, tangu wiki ya kwanza kwa sababu nyumbani walijua bumu, ile hela ya Bodi ya kujikimu, linatoka siku ya kuripoti.

Bumu halitoki siku ya kuripoti. Inabidi kwanza asajiliwe, akaunti ya benki iwe kwa jina lake, chuo kithibitishe kwamba yupo, Bodi walete fedha, kisha asaini kuzipokea. Hapo zinaweza kupita wiki kadhaa. Mwezi wote wa mwanzo chuoni uhesabuni kuwa ni wenu.

Hesabu Kwanza:
Naungana na mzee. Laki tisa ningeigawa hivi: 390,000 ada ya muhula. Michango mingine weka 150,000, ndani yake kuna bima ya afya ya mwanafunzi 50,400, ada ya TCU (tume ya vyuo vikuu) 20,000, na vitu kama kitambulisho na serikali ya wanafunzi. Barua ya chuo ina orodha kamili, soma kila mstari kwa sababu watu wengi huishia kwenye neno ada na kusahau yaliyo chini yake. Nauli, shuka, ndoo na godoro 120,000. Hapo mmebaki na 240,000. Chakula cha siku 30 kwa 6,000 ni 180,000, na 60,000 ni ya hosteli ya muhula wa kwanza.

Namba za malipo azitoe mwenyewe kwenye mfumo wa chuo, na hela iingie kwa namba hiyo tu. Asimpe mtu yeyote fedha mkononi "amsaidie kulipia". Msimu huu pia kuna wanaopiga simu wakijifanya watu wa Bodi, wanaomba hela kidogo ili wakuongezee mkopo. Mkopo hauongezwi kwa kutuma hela kwa mtu.

Mdau 27:
Mimi nilipanga chumba mtaani, nashauri hivyo hivyo. Uhuru wa kupika unapunguza gharama sana.

Mwaka wa Pili:
Mdau, kwa mwaka wa kwanza hapana. Chumba cha 60,000 Changanyikeni au Msewe, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, hiyo ni 360,000. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja. 420,000 imeondoka kabla hujanunua hata sufuria. Kwa hela ya dada huyu hiyo ni ada ya muhula mzima. Aombe hosteli mapema kwenye mfumo, mtaani atahamia mwaka wa pili akishapata mwenzake wa kuchangia naye.

Dada, mimi ni mnufaika wa mkopo kama mdogo wako, wacha nikwambie linavyotembea. Bumu linakuja la siku 60, kwa hiyo ni 600,000 kwa mpigo, mara nne kwa mwaka. Hela ya vitabu na viandikwa hugawanywa, 100,000 kila muhula. Kijana aliyekulia kijijini hajawahi kushika laki sita yake mwenyewe, na siku ile chuo kizima kina hela. Simu mpya zinanunuliwa siku hiyo, na mikeka ya kubeti inachezwa siku hiyo. Ikifika siku ya 35 ndipo unawaona wanakopa kwenye programu za simu, zile za kausha damu zenye riba kali, na bumu linalofuata linaingia likiwa na mwenyewe.

Ninachofanya mimi: likiingia tu, nahamisha yote isipokuwa 75,000 kwenda akaunti ambayo haina kadi wala haijaunganishwa na simu. Kila Jumatatu naenda dirishani kutoa hela ya wiki. Foleni inachosha, na ndiyo faida yake. Asubuhi chai na chapati mbili, mchana wali maharage kwa mama ntilie, jioni ugali dagaa au mboga, kwa siku nakula 5,500 mpaka 6,000. Vitabu sijanunua hata kimoja, maktaba vipo, hela ile inaishia kwenye kutoa kopi na bando.

Na asisahau kusaini. Fedha isiyosainiwa hurudishwa Bodi, na kuifuatilia ni kazi. Awe anafika dawati la mikopo la chuo mwenyewe, asitegemee tangazo la kwenye kundi la darasa.

DadaKiomboi:
Mungu awabariki, nimeandika yote kwenye daftari. Hapo kwenye muhula wa pili ndipo naona giza. 390,000 nyingine itadaiwa mwezi wa tatu au wa nne, na alizeti wakati huo bado iko shambani. Na lile la mama?

Mwalimu Mnufaika:
La mama nijibu mimi, kwa sababu kila mwezi Bodi wana mstari wao kwenye salari slipu yangu.

Shikamoo yangu mfikishie, umwambie hakuna shamba lililowekwa rehani. Bodi hawachukui hati ya nyumba wala ng'ombe kuwa dhamana. Mkopo uko kwa jina la kijana, na anaanza kudaiwa miezi 24 baada ya kumaliza chuo. Akiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara na kuipeleka Bodi. Zamani ilikuwa asilimia 8, sheria ikabadilishwa mwaka 2016.

Sasa deni lenyewe. Bumu nne ni 2,400,000, vitabu 200,000, ada 520,000, jumla 3,120,000 kwa mwaka. Miaka mitatu ni 9,360,000. Kuna ada ya uendeshaji ya asilimia 1 inayotozwa mara moja, na hela ya mazoezi ya kufundisha nayo itaongezeka juu. Tuiache hiyo pembeni, tuseme 9,450,000. Akilipwa mshahara wa 800,000 atakatwa 120,000 kwa mwezi, atamaliza kwa miaka sita na nusu hivi. Ni mzigo, sitamficha mama. 120,000 kwa kijana anayeanza maisha inauma. Lakini ni mzigo wenye mwisho. Sisi wa zamani tulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya fedha, asilimia 6 kila mwaka. Unakatwa mwaka mzima, ukiangalia deni unakuta limepungua kidogo mno. Rais Samia alitangaza kuifuta Mei Mosi ya 2021 pale Mwanza, na siku ile chumba cha walimu kilikuwa na furaha ambayo sijaiona tena. Mdogo wako anaingia ikiwa haipo.

Akikosa ajira deni linabaki jina lake, halifutiki. Kwa hiyo asichukulie bumu kama zawadi.

Ile ya Samia ni kweli hairudishwi. Ni ufadhili ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofaulu kwa alama za juu kabisa kidato cha sita kwenye tahasusi za sayansi, wakaenda kusoma sayansi, uhandisi, tiba na nyingine za aina hiyo. Yeye alipata ngapi?

DadaKiomboi:
Daraja la pili.

Mwalimu Mnufaika:
Basi hiyo iacheni, si ya kwake, na isiwatoe kwenye mstari. Daraja la pili kwa fizikia na hisabati ni heshima kubwa.

Hesabu Kwanza:
Muhula wa pili: kabla ya mwezi wa tatu atakuwa amepokea bumu mbili, 1,200,000. Akitenga 150,000 kila bumu anakuwa na 300,000, wewe unaongeza 90,000. Anabaki na 450,000 kwa siku 60, ambayo ni 7,500 kwa siku. Inatosha.

Mama Wawili Chuo:
Inatosha kwenye karatasi. Mimi nina wawili huko na nakataa hiyo 150,000. Ndani ya hiyo 7,500 mmesahau sabuni, nauli ya kwenda hospitali, viatu vikikatika. Na fizikia haisomwi na njaa. Akishindwa mitihani, asipopanda mwaka, mkopo unasimama, hapo mtakuwa mmeokoa laki na kupoteza milioni tatu.

Dada wewe ni fundi. Desemba na Januari ni sare za shule, cherehani halizimwi. Weka lengo la 190,000 kwenye sare, yeye atenge 100,000 kwa kila bumu. Atabaki na zaidi ya 8,000 kwa siku na 390,000 imetimia. Na mkumbuke likizo ndefu haina bumu, kwa hiyo kwenye bumu la nne aweke kabisa nauli ya kurudi nyumbani.

Kitu kingine kinachonishangaza, mbona ada wamempa 520,000 tu na baba hayupo? Mliambatisha cheti cha kifo?

DadaKiomboi:
Mama, baba alizikwa kijijini, tuna kibali cha mazishi tu. Cheti hakikuwahi kutolewa, na fomu ilikuwa na muda wake, tukaona tusikose kabisa.

Mama Wawili Chuo:
Hapo ndipo penye hela yenu. Nendeni ofisi ya wilaya, RITA, wale wakala wa serikali wa usajili, wanasajili vifo hapo. Beba kibali cha mazishi, barua ya mtendaji wa kijiji na kitambulisho cha mama. Cheti kikitoka, kihakikiwe na RITA kwenye mfumo wao, kwa sababu Bodi hawapokei kisichohakikiwa. Dirisha la kukata rufaa ya mkopo likifunguliwa, aombe kuongezewa akiwa na uthibitisho kwamba ni yatima wa mzazi mmoja. Kama mama yupo kwenye kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF, na hilo liwekwe. Sikuhakikishii wataongeza ada, ila bila cheti wao wanamsoma kama mtoto mwenye baba.

DadaKiomboi:
TASAF hatumo. Jumatatu nafunga kibanda naenda wilayani na mama. Nimempigia mdogo wangu nikamsomea hesabu ya Mama Wawili, kakubali 100,000 kwa kila bumu, na ile akaunti isiyo na kadi atafungua akifika. Sare nimeshapata oda ya shule moja, nitaongea na mwalimu mkuu wa shule ya pili.

Swali dogo la mwisho: godoro anunue huku aende nalo, au huko huko?

Mwaka wa Pili:
Huko huko. Kwenye basi utalipia mzigo, na hujui kitanda atakachopewa kina upana gani. Akishapata chumba aende sokoni na mtu anayepajua, na asikubali bei ya kwanza.