Naomba ushauri: biskuti zangu zimetawanyika kama chapati za maji

Wapendwa, niko Ipagala, Dodoma. Nimemaliza riwaya ya upelelezi, muuaji kaponzwa na makombo ya biskuti za siagi za Uskoti mfukoni mwa koti. Muuaji nimeshamsahau, biskuti ndizo zinaninyima usingizi!

Kipimo ni sukari gramu 100, siagi 200, unga wa ngano 300. Yai hakuna, hamira hakuna. Nikaoka kwenye sufuria yenye mchanga, mkaa juu na chini. Zikayeyuka zikashikana, chini zimeungua, katikati mbichi. Nilitumia majarini (siagi halisi bei yake, mmh), na kwa jua la huku donge lilishalainika mkononi kabla sijakata.

Kosa ni majarini, joto au mkaa? Nikiliweka donge kwenye friji kwanza litasaidia? Oveni sina.